Seneta wetu ni wa nani?

Kwenye mkutano wetu wa mwisho, pale Kikula, mwenzetu mmoja aliyesoma sheria alisimama akasema Seneti ifutwe. Alisema wako watu 108, wanalipwa kila mwezi, na hakuna hata mmoja kati yetu anayeweza kutaja kitu kimoja walichotufanyia sisi wa Likasi. Akauliza: nani anaweza? Kimya. Kisha makofi. Mimi pia nilipiga makofi, siwezi kuwadanganya. Lakini nikirudi nyumbani kwa mguu nikasikia haya kidogo, juu nilikuwa nimekubali kufuta kitu ambacho sikujua hata kinatumika namna gani.

Basi, ndugu zangu na dada zangu, wiki hizi tatu nimesoma Katiba ya 18 Februari 2006. Si yote. Sehemu ya Bunge na sehemu ya majimbo tu. Mimi ni mtu wa kilimo. Memwari yangu ilikuwa juu ya chokaa kwenye udongo wenye asidi, haikuwa juu ya vyumba vya Bunge. Wanasheria wanisamehe nikiteleza. Nitakachosema ni hiki: mwenzetu alikuwa na haki ya kukasirika, ila alikamata mtu asiye mwizi. Ubaya wa Seneti yetu hautoki kwenye kuwa chumba cha pili. Unatoka kwenye namna watu wanavyoingia ndani yake, juu wakishaingia hawana deni lolote kwetu.

Kwanza mashini yenyewe, haraka haraka, juu wengi wetu tuliisoma kwenye elimu ya uraia tukaisahau siku ya mtihani. Bunge liko na vyumba viwili, vyote vinakaa Palais du Peuple kule Kinshasa. Kimoja ni Bunge la Taifa, ambalo watu wanaliita tu Asamble: wadepite 500, tunawachagua sisi wenyewe. Kingine ni Seneti: maseneta wanne kwa kila jimbo, Kinshasa wanane, jumla 108, na juu yao marais wa zamani waliochaguliwa, ambao ni maseneta wa maisha. Sesheni ni mbili kwa mwaka. Ya kwanza inaanza 15 Machi na kuisha 15 Juni, ya pili inaanza 15 Septemba na kuisha 15 Desemba, na hii ya pili kazi yake kubwa ni bajeti. Sheria inapita chumba kimoja kisha kingine mpaka maandishi yafanane. Yakikataa kufanana, wanaunda komisioni ya pamoja, idadi sawa kila upande. Komisioni nayo ikishindwa, Asamble njo inakata neno. Serikali pia, Asamble peke yake inaweza kuiangusha. Bajeti lazima ianzie Asamble.

Kwa hiyo Seneti ni mdogo wake Asamble. Hilo peke yake si kosa. Ufaransa, ambako tulinakili mengi, ni vilevile. Mdogo anaweza kuwa na kazi yake ndani ya nyumba. Swali ni kazi gani.

Hapa njo nilisimama muda mrefu. Kifungu cha 104 kinaeleza kwamba seneta anawakilisha jimbo lake. Nikasema, vizuri, hiyo ni kazi: depite anasemea taifa lote, seneta anasemea Haut-Katanga. Lakini sentensi haiishi pale. Inaendelea na “lakini”, kisha inasema mandati yake ni ya kitaifa, na tena hakuna mtu anayeweza kumuamuru afanye hivi au vile. Nimeisoma mara kumi. Ni kama kumwambia mlinzi: linda shamba hili, lakini ujue wewe ni mlinzi wa mashamba yote, na mwenye shamba hawezi kukuuliza kitu. Usiku mwizi akija, utamkuta mlinzi huyo wapi? Najua sababu ya “lakini” ile. Waandishi wa Katiba walitoka vitani, waliogopa maseneta watakaogawa inchi kila mtu na kipande chake. Ninawaelewa. Ila waliogopa upande mmoja tu, wakasahau kuogopa seneta asiyesemea mtu yeyote.

Sasa niwapeleke shambani, juu jambo hili silisemi kwa sababu ya kupenda vifungu.

Kuna kikundi cha mama ninaowasaidia, nje ya muji, upande wa barabara ya Kambove. Wanalima mahindi wakati wa mvua, na tomati kandokando ya mto wakati wa baridi. Barabara ya kufika kwao ni kilomita chache tu, lakini mvua ya kwanza ikinyesha gari haipiti. Pikipiki inapita ikibebwa. Msimu uliopita mvua ilitangulia. Mama mmoja alikuwa ameshachuma, mabeseni kumi na moja, yamepangwa chini ya mwembe. Tulingoja gari siku nne. Siku ya tano hatukufungua hata kifuniko, harufu ilitosha.

Tukaenda naye kuuliza kwenye ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja. Bwana aliyetupokea alikuwa na adabu, alitupatia viti. Akasema barabara ile iko kwenye programu, tangu zamani iko kwenye programu, ila makuta haiyafika. Tukatoka. Njiani mama akaniuliza:

“Agronomu, weye njo ulisomaka. Hii barabara ni ya nani?”

“Ni ya jimbo, mama.”

“Na jimbo haina makuta?”

“Banasema Kinshasa haiyatuma.”

“Basi kule Kinshasa tuko na nani wa kutusemea?”

“Tuko na basenatere bane.”

“Bale tulibachagua?”

“Hapana, mama. Balibachaguaka kule Lubumbashi.”

“Ah. Basi ni ba Lubumbashi.”

Ndugu, mimi nilichukua wiki tatu na Katiba nzima kufika pale mama alifika kwa maswali manne.

Angalieni vifungu viwili pamoja. Kifungu cha 204 kinaweka mikononi mwa jimbo programu za kilimo, kupanga wafanyakazi wa kilimo, kuendesha kampeni za kilimo. Maana yake kazi yetu sisi wa lisansi ya agronomia, karibu yote, ni kazi ya jimbo. Kisha kifungu cha 175 kinasema sehemu ya majimbo katika mapato ya kitaifa ni 40 kwa mia, na tena inakatwa palepale inapokusanywa, haiendi kwanza Kinshasa ikalale kisha irudi. Maandishi hayo ni wazi kabisa. Hata mageuzi ya Katiba ya 20 Januari 2011, yaliyogusa vifungu kadhaa, hayakuyagusa. Na tangu 2006 mpaka leo hayajatumika kama yalivyoandikwa. Pesa inapanda Kinshasa yote, kisha inashuka kidogo kidogo kwa jina la retrosesioni, siku ambayo Kinshasa inataka, kwa kiasi ambacho Kinshasa inataka. Sisi tuliozaliwa Katanga tulikulia na kelele ya ile 40 kwa mia; wazee wetu waliisema kabla jimbo halijakatwa vipande vinne mwaka 2015, na sisi tunaisema baada ya kukatwa.

Mtu ataniambia tuko na redevansi ya madini. Kweli, kodi ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatoa 25 kwa mia ya redevansi kwa jimbo na 15 kwa mia kwa muji au sekta ambako mgodi uko. Hiyo ni afadhali. Ila ni bahati ya udongo wetu. Jimbo lisilo na shaba wala kobalti litakula nini? Na namna redevansi inavyotumika huku kwetu inahitaji makala nyingine, tena yenye hasira kuliko hii.

Sasa fikiria. Kama kuna chumba kimoja katika inchi nzima ambacho kiliumbwa kwa ajili ya vita ya 40 kwa mia, ni kile chenye watu wanne kwa kila jimbo, jimbo dogo sawa na jimbo kubwa. Majimbo 26 yote yananyimwa kitu kilekile. Maseneta wote 108 wangeweza kusimama siku moja ya Novemba wakasema: bajeti hii haina 40, hatuipitishi. Hata kama neno la mwisho ni la Asamble, kelele peke yake ingesikika mpaka hapa. Miaka karibu ishirini sasa, bajeti baada ya bajeti inapita.

Msifikiri Seneti haiwezi kusimama. Inaweza, na iliwahi. Januari 2015 nilikuwa bado sekondari. Asamble ilipitisha sheria ya uchaguzi yenye kifungu kilichofunga uchaguzi na kuhesabu watu kwanza, maana yake uchaguzi ungengoja miaka. Kuanzia 19 Januari vijana wa Kinshasa na miji mingine wakaingia barabarani, wanafunzi mbele, na watu wengi walikufa. Tarehe 23 Seneti, wakati ule chini ya Léon Kengo wa Dondo, ikabadilisha kifungu kile. Ikaja komisioni ya pamoja, na tarehe 25 sheria ikapita bila sharti la kuhesabu watu. Siku sita tu. Mashini yote niliyoeleza hapo juu, chumba cha pili, marekebisho, komisioni, ilizunguka kama inavyotakiwa. Kwa hiyo mwenzetu wa sheria aliyesema hakuna hata kitu kimoja, kiko kimoja. Lakini mimi sifurahi sana, juu mafuta ya mashini siku ile yalikuwa damu ya watu wa umri wetu.

Siku nyingine Seneti inasimama wakati gani? Wakati mmoja wao anaitwa na haki. Hapa naomba ruhusa ya kuongea juu ya Bukanga-Lonzo, juu ni kidonda cha kila agronomu wa Kongo. Mwaka 2014 serikali ilizindua paki ya kilimo kule Bandundu ya zamani, hekta 80,000 kwenye karatasi, tukiambiwa Kinshasa itakula mahindi yake yenyewe. Miaka mitatu haikuisha vizuri, paki ikasimama. Ukaguzi wa fedha wa serikali uliotoka 2020 ulitaja dola milioni 285 zilizotoka. Tukiwa fakilte, profesa wetu mmoja alituonyesha picha za matrakta yale yaliyoachwa kwenye majani; hakusema kitu, alipitisha picha tu.

Waziri Mkuu wa wakati wa mradi ule, Augustin Matata Ponyo, alikuwa amekuwa seneta wa Maniema. Juni 2021 mwendesha mashtaka aliomba Seneti imwondolee kinga kwa ajili ya paki hiyo. Seneti ikapiga kura, ikakataa. Sisemi alikuwa na hatia au hana. Kesi yake ilizunguka miaka, Korti ya Katiba ikasema kwanza haina uwezo, kisha ikarudi, na 20 Mei 2025 ikamhukumu miaka kumi ya kazi ngumu. Wakati huo alikuwa ameshahamia Asamble kama depite, na biro ya Asamble nayo ikalalamika kwamba haikuombwa ruhusa. Siku mbili baadaye, 22 Mei, Seneti ikapiga kura kumwondolea kinga Joseph Kabila, seneta wa maisha. Kura ya ndiyo ilikuwa kubwa sana.

Mnaweza kuwa na maoni yenu juu ya watu hawa wawili, na mimi niko na yangu, nitayaweka mfukoni. Ninachokiangalia ni kitu kingine. Angalieni ni mambo gani yanajaza ukumbi wa Seneti, yanaleta kamera, yanafanya maseneta wahesabiwe mmoja mmoja. Ni kinga. Nani yuko chini ya mwamvuli, nani anatolewa. Sijawahi kusikia usiku mmoja wa namna hiyo juu ya 40 kwa mia.

Juu ya nini? Narudi kwa mama wa tomati: ni ba Lubumbashi. Seneta wa Haut-Katanga anachaguliwa na wadepite wa jimbo, watu makumi machache tu, unaweza kuwaweka kwenye basi moja au mawili. Anayetaka kuwa seneta hahitaji kuja Likasi, hahitaji kujua Panda iko wapi na Shituru iko wapi. Anahitaji kusadikisha watu wachache ndani ya ukumbi mmoja. Na kila mtu inchini anajua kusadikisha huko kunaweza kuwa na bei. Uchaguzi wa maseneta wa 14 Machi 2019 ulileta kelele kubwa ya rushwa, wagombea wenyewe wakisema wazi kwamba wadepite wa jimbo wanaomba dola, mpaka siku nne baadaye Rais Tshisekedi akasimamisha kuwekwa kwa maseneta wapya na kuagiza uchunguzi. Kisha? Kisha maseneta waliketi. Mtu akilipia kiti, deni lake limeisha siku ya kulipa. Ukimfuata na habari ya barabara, atakuangalia kama mtu anayedai pesa mara ya pili.

Majirani wetu wa Kenya walifanya vingine, na hapa njo ninapenda mlinganishe. Katiba yao ya 2010 iliahidi kaunti kidogo kuliko yetu: angalau 15 kwa mia, wakati sisi tuliandika 40. Lakini waliandika pia kwamba Seneti njo inapitisha, kila miaka mitano, kanuni ya kugawanya pesa ile kati ya kaunti 47. Na maseneta 47 wanachaguliwa na wananchi wenyewe, mmoja kwa kila kaunti. Wengine wachache wanaingia kwa nafasi za wanawake, vijana na walemavu. Mwaka 2020 kanuni mpya ilikuja ambayo ingepunguzia kaunti kadhaa pesa, hasa zile kavu za kaskazini. Maseneta walikataa. Walikutana, wakaahirisha, wakakutana tena, wiki nyingi. Watu wa chama cha serikali walisimama na wa upinzani. Maseneta watatu walikamatwa na polisi siku moja ya Agosti. Kaunti zikatishia kufunga. Tarehe 17 Septemba wakapatana: pesa ikaongezwa ili kaunti isipoteze kitu. Wakenya wenyewe wanaisema vibaya Seneti yao, wanasema ni ya wazee, ni ya bure. Waache waseme. Walikuwa na watu waliogopa kurudi nyumbani mikono mitupu.

Wao 15 yenye watetezi, sisi 40 yatima.

Najua watu wa kufuta watanitajia Senegal, ambako mwaka 2012 Seneti ilifutwa na pesa yake ikaahidiwa kwa waathirika wa mafuriko. Ni hoja nzuri, na kama hatutabadilisha kitu, nitarudi kwenye mkutano kupiga makofi tena. Ila sisi tulishafuta mara moja. Mwaka 1960 tulianza na vyumba viwili, Seneti ikiwa na watu 14 kwa kila jimbo kati ya majimbo sita. Katiba ya Mobutu ya 1967 ikabakiza chumba kimoja. Waulizeni baba zenu chumba kile kimoja kilimkatalia nani kitu gani. Majimbo yalinyamaza miaka mingi, na pesa yote ilipanda kulekule inakopanda leo.

Na sasa, tangu Rais aliposema kule Kisangani, Oktoba 2024, kwamba Katiba inahitaji kuangaliwa upya, kila mtu anaongea juu ya mandati ya Rais. Ngapi, miaka mingapi, anarudi au harudi. Ni jambo kubwa, sikatai. Lakini kama kweli daftari litafunguliwa, mimi mtu wa Likasi niko na mistari miwili tu ya kuomba: seneta achaguliwe na sisi, moja kwa moja, kama depite, na sheria ya kugawanya mapato na majimbo isipite bila kura ya Seneti, hata Asamble ikitaka. Ile “lakini” ya kifungu cha 104 wanaweza kuiacha, sitagombana nayo tena.

Mtaniambia wenye kupiga kura juu ya mageuzi hayo ni walewale wanaofaidika na hali ya leo. Ni kweli, na sina dawa yake.

Kuna kitu kimoja cha ajabu ambacho nilikiweka mwisho. Rais wa Seneti tangu Agosti 2024, Jean-Michel Sama Lukonde, ni seneta wa Haut-Katanga, na zamani alichaguliwa depite hapahapa kwetu Likasi. Yaani mwenye nyundo ya chumba cha majimbo anajua barabara ya kutoka Lubumbashi kuja huku. Hatutapata bahati ya namna hiyo kila mandati.

Kwa hiyo, na wenzangu wawili wa ukurasa huu, tumeandika barua kwa maseneta wote wanne wa jimbo. Kifungu cha 27 kinaturuhusu. Ni ukurasa mmoja na nusu, hatukuomba kazi, hatukuomba ukolezo wa barabara. Tumeuliza: mwaka uliopita, katika 40 ya Haut-Katanga, ngapi ilifika, na ninyi mlisema nini siku bajeti ilipopita? Nilipoisomea kikundi cha mama kule shambani, yule wa tomati akaomba tuongeze mstari chini. Nikamuuliza tuandike nini. Akasema tuandike mabeseni kumi na moja. Tumeandika.